Kutoka Tembe hadi Kiwanja: Habari za Makazi ya Singida

Nchi ya Singida ni uwanda wa juu ulioko magharibi ya kingo za Bonde la Ufa, wenye majabali ya itale yaliyorundikana huku na huko, maziwa ya chumvi yasiyo na mto wa kuyatoa, na mvua ya msimu mmoja tu ambayo aghalabu haizidi milimita 800 kwa mwaka. Na mtu aliyezaliwa katika nchi ya namna hiyo hujua mapema kwamba mahali pa kujenga nyumba, umbali wa mlango hata mlango, na upande ambao milango hiyo hufunguliwa, si mambo ya kujionyesha, kwani yamo ndani ya hesabu ile ile ya chakula, maji na mifugo inayoamua kama jamaa itavuka mwaka salama au la. Hesabu hiyo imepigwa upya mara kadhaa katika muda wa karne moja na nusu, na karibu kila ilipopigwa, mpigaji wake alidai kuwa anawakusanya watu waliotawanyika. Dai hilo linastahili kuchunguzwa kwa utaratibu, maana si kila aliyekusanya alikusanya, wala si kila aliyeambiwa ametawanyika alikuwa peke yake.

Kabla ya dola yoyote kuja na ramani, jibu la watu wa nchi hii lilikuwa tembe. Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, Wanyiramba na Wanyisanzu wa kaskazini, pamoja na Wagogo wa pande za Manyoni, wote waliijua nyumba hii ndefu na fupi kwa kimo, yenye paa la bapa lililofunikwa udongo. Wala haikuwa yao peke yao, kwani Wasandawe na Warangi walio jirani zao waliijenga vilevile. Msafiri Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857 akifuata njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, aliiona ikitawala nchi yote ya kati na akaieleza kwa urefu. Waarabu wa Tabora, ambao walikuwa na uwezo wa kujenga namna waliyoizoea Unguja na Maskati, waliona vyema kuifuata tembe ya wenyeji, wakaikuza, wakaizidishia unene wa kuta na wakaipa baraza. Na ile ya Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872, imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Ni nadra mgeni mwenye mali kuiga nyumba ya mwenyeji wake, na alipoiga bila ya kulazimishwa, hapana budi aliona ndani yake faida ambayo waliokuja baadaye na vitabu vya afya na vya ujenzi hawakuwa na wasaa wa kuitafuta.

Ujenzi wake ulikuwa kazi ya ujirani tangu nguzo ya kwanza. Miti migumu isiyoliwa upesi na mchwa ilichimbiwa kwa safu; juu ya nguzo zikalazwa boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, juu ya fito majani na vijiti, na mwisho udongo ulioshindiliwa mpaka ukashikamana. Kuta zilikuwa za mbavu za mbwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Na kwa kuwa uzito wa paa ulikaa juu ya nguzo, ukuta ulioporomoka masika ulikandikwa tena bila ya nyumba nzima kuanguka. Mtu mrefu aliingia kwa kuinama. Juu ya paa hilo mwanamke alianika mtama na uwele, na mtoto aliyepandishwa huko kufukuza kuku na mbuzi aliweza kuona shamba la jirani, kisima, na nani anakuja njiani. Udongo ulizuia jua la mchana na ukahifadhi joto usiku, jambo la maana katika nchi ambayo baridi ya Juni na Julai huwashangaza wageni watokao pwani.

Walakini sifa kubwa ya tembe haikuwa katika udongo wake, ilikuwa katika mpango wake. Mabawa mawili au matatu, na pengine manne, yalizunguka uwanja wa ndani. Kwa nje palikuwa na ukuta mtupu, na mara nyingi ua wa minyaa. Kwa ndani milango yote ilielekea uani. Namna zilitofautiana kabila kwa kabila, lakini kanuni ilikuwa moja: kila mke alikuwa na mlango wake, jiko lake na vihenge vyake, wala mwenzake hakuwa na ruhusa ya kutia mkono humo, na hali wote walitumia ua mmoja, wakasikia kilio cha mtoto mmoja, wakalindwa na zizi moja. Mtoto wa kiume alipooa, bawa lilirefushwa kwa nguzo chache. Mzee alipofiwa na wake zake, chumba kilirudi kwa wajukuu. Nyumba ilikua pamoja na watu wake bila ya kumeza shamba, na vizazi vitatu viliweza kukaa katika eneo ambalo afisa mipango wa leo angelipa jina la kiwanja cha kaya moja.

Na shamba lenyewe lilianza mlangoni. Harold Schneider, mtaalamu wa Marekani aliyekaa Unyaturu mwaka 1959 na 1960, na ambaye kitabu chake juu ya Wahi, mojawapo ya matawi ya Wanyaturu, kilitoka mwaka 1970, alionyesha kwamba ng'ombe hawakuwa fahari tupu kama watawala walivyopenda kusema. Ng'ombe walitoa samadi. Samadi ilirutubisha mashamba yaliyolizunguka boma mwaka baada ya mwaka. Mashamba yale yalitoa nafaka zaidi ya tumbo. Nafaka ya ziada ilipikwa pombe ya kuwaita majirani kwenye kazi, au ikabadilishwa kwa ng'ombe wengine. Kwa hiyo mahali boma lilipokaa palikuwa na mtaji uliowekwa ardhini kwa miongo mingi, mtaji usiobebeka. Aliyeyatazama maboma hayo kwa mbali, kutoka kiti cha gari, aliona nyumba moja hapa na nyingine pale katikati ya mtama, akaandika kwamba watu wametawanyika. Hakuona kwamba kila moja ya nyumba hizo ilikuwa mtaa mdogo uliosongamana, wala kwamba nafasi baina yake ilikuwa karakana ya kazi.

Haifai kuisifu tembe kupita kiasi. Ilikuwa na giza na moshi, udongo wa paa ulivuja mvua ikizidi, na katika nyufa za sakafu na kuta zake walijificha papasi, wadudu wanaoambukiza homa ya vipindi ambayo imewasumbua watu wa nchi ya kati kwa vizazi. Kuishi pamoja na ndama usiku kulileta joto, na kulileta pia maradhi. Mwanamke aliyeinama miaka yote juu ya mafiga katika chumba kisicho na dirisha alilipa kwa macho yake na mapafu yake. Hapo waganga na mabwana afya walisema kweli, na kosa lao lilikuwa moja tu: walidhani ubaya wa paa na ukuta ni ubaya wa ua.

Serikali za kikoloni zilijali makazi kwa kadiri yalivyohusu kodi na maradhi. Kodi ya nyumba iliyowekwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 ilihesabu nyumba, na Waingereza wakaiendeleza kwa namna yao. Katika nchi za magharibi ya Tanganyika, tangu miaka ya 1920, Waingereza waliwahamisha maelfu ya watu kutoka maporini na kuwakusanya katika makazi maalumu ili kuwaepusha na mbung'o na malale. Kazi hiyo iliokoa roho nyingi, na pia ikawazoesha maafisa wazo la kwamba watu wa mashambani wanaweza kupangwa upya kwa penseli, kila jamaa na ukanda wake, ilimradi kuna sababu njema. Mjini Singida kwenyewe, kama katika miji mingine ya ukoloni, mpango ulifuata rangi za watu: maafisa penye nafasi na miti, wafanyabiashara wa Kihindi penye maduka, na Waafrika penye majengo yaliyobanana.

Uhuru ulipokuja, wazo la kukusanya likapata maana nyingine, yenye heshima zaidi. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, alisema wazi kwamba bila ya kuishi vijijini haitawezekana kuwapelekea wakulima maji, shule, zahanati wala trekta. Na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitoa maandiko yake juu ya ujamaa vijijini, akiifanya jamaa ya zamani, iliyokaa pamoja na kula pamoja, kuwa msingi wa taifa jipya. Ni ajabu kidogo, na sijui kama yeyote aliyatamka haya mbele yake, kwamba katika Mkoa wa Singida, uliopata kuwa mkoa mwaka 1963, jamaa hiyo ilikuwa na jengo lake, na jengo hilo ndilo lililotakiwa kuvunjwa.

Kwa miaka kadhaa watu waliombwa. Novemba 1973 ombi likawa amri: mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Nchini kote waliohesabiwa vijijini walikuwa kama milioni 2 mwaka 1973, wakafika milioni 9 mwaka 1975, na milioni 13 mwaka uliofuata. Majirani wa Dodoma walikuwa wamekwisha kuonja operesheni yao ya kuhamishwa mwaka 1971. Singida ilifuata katika wimbi kubwa, katikati ya miaka ya ukame na upungufu wa chakula, malori yakibeba milango, vihenge, vyungu na wazee. Paa la tembe halihamishiki. Nguzo chache zilizong'olewa nzima zilichukuliwa, na mengine yakabaki mahame, yenye rutuba ya samadi ya miaka na miaka, ambayo mwenyewe sasa aliyafikia kwa mwendo wa saa moja au zaidi, au asiyafikie kabisa.

Kijiji kipya kilikuwa na umbo gani? Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hukumu nyingi juu ya vijiji hutazama siasa na nguvu iliyotumika, na ni chache zinazotazama kamba ya kupimia. Nyumba zilipangwa kwa safu kando ya barabara, na desturi iliyoenea ilikuwa kuipa kila kaya ekari moja, au karibu na hapo, ili ipate mahali pa kulima mboga na mahindi kandokando ya nyumba. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kisipungue kaya 250. Basi na tuhesabu: kaya 250 kwa ekari moja moja ni ekari 250, yaani kilometa ya mraba nzima kwa ajili ya kulala tu, bila ya shule, bila ya ofisi, bila ya malisho. Na kama ekari hizo ni za mraba, zikapangwa safu moja kila upande wa barabara, kijiji kitakuwa na urefu wa karibu kilometa nane, nyumba zikifuatana kama shanga katika uzi, ambapo mtu wa mwisho huku hamjui mtu wa mwisho kule na bomba moja la katikati huwa mbali na wote wawili. Waliokusanywa kwa jina la umoja walijikuta, kwa hesabu ya hatua baina ya mlango na mlango, mbali na wenzao kuliko walivyokuwa uani.

Fauka ya hayo, nyumba yenyewe ilibadilika. Kampeni ya Nyumba Bora ilihimiza nyumba ya tofali, yenye madirisha, paa la mgongo na mlango unaotazama barabara. Kila neno katika orodha hiyo lilikuwa la haki isipokuwa la mwisho, ambalo hakuna aliyelijadili. Mlango ulipogeuka kutoka ua kwenda barabara, mke wa pili alipata nyumba yake kwenye kiwanja chake au hakupata kitu. Mwana aliyeoa aliomba kiwanja kwa serikali ya kijiji, naye akapewa mwisho wa safu. Na ng'ombe, ambao hawakuwa na nafasi kwenye mchoro, walipelekwa mbali pamoja na samadi yao.

Haki pia itamkwe kwa upande wa pili. Kwa kuwa watu walikuwa barabarani, elimu ya msingi kwa wote iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977 iliwezekana kufika wilaya za Iramba na Manyoni. Zahanati zilijengwa, na mtoto aliyeumwa aliweza kupelekwa kwa miguu. Mwalimu mwenyewe, alipoitazama miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri kwamba yalitendwa makosa katika kuwahamisha watu. Wengi, operesheni ilipolegea, walirudi kimyakimya kwenye mahame yao, wakajenga huko kibanda cha msimu wa kulima ambacho baada ya miaka michache kilikuwa na mke, mbuzi na ua. Na serikali za vijiji zikaacha kuuliza.

Wakati huohuo, yapata kilometa 240 tu kutoka Singida, Dodoma ilikuwa ikichorwa kuwa makao makuu mapya. Chama tawala cha TANU kiliamua hivyo mwaka 1973, na mpango mkuu wa mwaka 1976 ulitengenezwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, iliyoongozwa na Macklin Hancock, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliipanga Don Mills, kitongoji cha Toronto kilichokuja kuwa kigezo cha vitongoji vya nyumba za bustani katika Kanada. Wachoraji hao walisoma siasa ya nchi kwa bidii: wakachukua nyumba kumi kumi, shina lile la chama ambalo balozi wake kila Mtanzania alimjua, wakalifanya tofali la kwanza la mji, wakakataa majengo marefu na fahari ya dola. Lakini tofali hilo lilipowekwa juu ya ardhi lilifuata mazoea ya Don Mills, kila nyumba peke yake katikati ya majani, barabara pana, na umbali unaotaka gari katika mji ambao karibu kila mtu alikwenda kwa miguu. Sijapata kuona mfano mwingine uliodhihirika hivi wa fikra mbili zisizojuana kuingia katika ramani moja na kudhaniwa kuwa ni moja.

Palikuwa na njia nyingine, na baadhi zilijaribiwa karibu nasi. Huko Unguja, serikali ya Rais Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ilijenga majumba marefu ya Michenzani, ambayo yalibana watu wengi katika ardhi ndogo lakini yakawanyima ua, hata wakazi wakaugeuza uwanja wa chini kuwa baraza lao. Dar es Salaam, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda vya Magomeni na kujenga nyumba za vyumba sita kwa umbo la Kiswahili, zenye korido katikati na ua nyuma, na hizo zikachukua wapangaji wengi bila ya wao kuona wamehamishiwa nchi ya kigeni. Nako Misri, Hassan Fathy alijenga Gourna Mpya karibu na Luxor tangu mwaka 1946 kwa tofali za udongo, nyumba zikikumbatiana kuzunguka viwanja vya ujirani. Alifanya kwa hekima kila jambo ila kuwapata waliokusudiwa wakubali kuhama, kwa maana riziki yao ilikuwa pale walipo, kama ile ya Mnyaturu ilivyokuwa katika samadi yake. Laiti mmoja tu wa wasanifu waliokuja Dodoma angepanda gari la kwenda Ikungi huko Singida, akalala usiku mmoja katika tembe, akaichora kama ilivyo, kisha akaondoa papasi na moshi na kuacha vilivyobaki!

Tembe yenyewe imepungua sana. Viongozi wameendelea kuhimiza wananchi waachane nayo, na fedha za alizeti na vitunguu zimefanya kwa hiari kazi ambayo amri haikuimaliza: bati limepanda hata kwenye maboma ya mbali, na penye bati paa la bapa halina haja. Mkoa wa Singida, uliokuwa na watu 1,370,637 mwaka 2012, ulihesabiwa watu 2,008,058 mwaka 2022, na sehemu ya ongezeko hilo imeelekea Manispaa ya Singida, ambayo inapanuka kutoka katikati yake ya zamani, baina ya maziwa ya Singidani na Kindai, kwenda Mandewa, Misuna, Mungumaji na Kisaki. Upanuzi huo hufuata viwanja, na viwanja hufuata kanuni: kanuni za mwaka 1997 ziliruhusu kiwanja cha msongamano mkubwa kuwa cha meta za mraba 400 hadi 800, na kile cha msongamano mdogo kufika 4,000, yaani karibu ekari ile ile ya kijiji cha mwaka 1974. Bomba la maji na nguzo za umeme hulazimika kukimbilia kila kiwanja kilichopimwa, na gharama ya kila meta ya bomba hulipwa na wale wachache waliokwisha kujenga.

Mwenye kiwanja, hata hivyo, ana mashauri yake. Aghalabu haanzi na nyumba kubwa iliyo katika ramani aliyogongewa muhuri. Huanza na banda la uani, vyumba vinne au vitano vilivyoshikana kwa safu, kila kimoja na mlango wake, milango yote ikitazama ndani, na kwa upande wa pili choo kimoja, bomba moja na kamba ya kuanikia nguo. Yeye na familia yake hukaa viwili. Mdogo wake aliyekuja kusoma hupewa kimoja. Vilivyobaki hupangishwa kwa mwalimu, kwa fundi cherehani, kwa mama muuza mboga mwenye watoto wawili, ambao jioni hupika nje kila mmoja kwenye jiko lake la mkaa na kuachiana watoto bila ya kuombana. Mbele ya banda hilo msingi wa nyumba kubwa huweza kukaa miaka kumi ukiota majani, na tofali zilizofyatuliwa zikiliwa na mvua, huku afisa mipango katika daftari lake akiendelea kuandika kwamba kwenye kiwanja hicho ipo kaya moja.